Uliza Ujibiwe: Kazi ya kulea wenye usonji, nani anawafundisha walezi?

Mwangaluka wasomaji wetu wa Tabora, na jirani zetu wa Kigoma hamjambo. Mwezi huu barua zimemiminika kutoka kwa watu wanaofanya kazi na watoto na vijana wenye usonji (autism kwa Kiingereza, ubongo unakua tofauti katika kuwasiliana na kuhisi) au ulemavu wa akili, wengine wako vituoni, wengine kwenye vitengo maalumu vya shule za msingi, na kilio chao karibu wote ni kimoja, wamepewa kazi hawajafundishwa. Nimechagua sita. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha na majina ya vituo nimeyatoa, msije mkagombana huko.

Shikamoo mama. Mi ni binti wa miaka 22, nilimaliza form four nikakaa nyumbani, baadae nikapata kazi kwenye kituo cha kulea watoto wenye ulemavu hapa Tabora mjini. Siku ya kwanza nilipewa aproni na funguo za stoo basi. Kuna kijana wa miaka 14 ana usonji haongei, hii wiki ya pili sasa ikifika saa sita mchana anaanza kujipigiza kichwa ukutani, anajishika sikio la kushoto anapiga makelele, ukimsogelea anang'ata, mi ameshaning'ata mkono mpaka damu. Wenzangu wa zamani wanamlaza kifudifudi wanamkalia mgongoni mpaka anyamaze. Nikimuuliza mkuu wa kituo anasema utazoea. Kweli nitazoea? – Mlezi, Isevya

Marahaba binti yangu. Nianze na hilo la kumkalia maana haliwezi kusubiri. Mtu akilazwa kifudifudi halafu mwingine akamkalia mgongoni kifua hakipanuki, hewa haiingii vizuri, akikosa hewa anafurukuta, nyie mkiona anafurukuta mnamkandamiza zaidi, na mchezo huo umeshaua watu, watu wazima wenye nguvu zao sembuse mtoto. Akinyamaza hamjui kanyamaza kwa nini. Waambie wenzako leo hii, na wasipokusikia nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, wala hutakuwa umemchongea mtu.

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Kuna vitu viwili umeviandika ukavipita haraka, kwamba hii ni wiki ya pili, na kwamba anashika sikio la kushoto. Ina maana kabla ya hapo hakuwa hivyo! Mtoto asiyeongea akibadilika ghafla, kabla hujasema tabia tafuta maumivu. Masikio, meno, tumbo (kufunga choo kunawasumbua wengi sana na hakuna anayeuliza), na kifafa nacho maana mara nyingi kinatembea pamoja na usonji. Mpelekeni hospitali ya Kitete akaangaliwe sikio na kinywa, na anayempeleka awe mtu anayemjua, msimtume tu dereva, aende na karatasi imeandikwa lini ilianza, anashika wapi, anakula vipi, choo amepata lini. Mkiambiwa pale dirishani "hawa ndivyo walivyo", ombeni kwa adabu aangaliwe sikio hivyo hivyo.

Sikutishi, ila wasomaji wajue kwa nini nasisitiza mhudumu amsikilize anayemjua mgonjwa. Kule Uingereza kulikuwa na kijana anaitwa Oliver McGowan, ana usonji na kifafa. Mwaka 2016 akiwa na miaka 18 alilazwa hospitali huko Bristol, yeye na wazazi wake wakasema kabisa asipewe dawa za kutuliza za magonjwa ya akili, zilishamletea shida huko nyuma, akapewa tu, akafariki. Mama yake, Paula, alipiga kelele miaka mpaka sheria ya afya ya 2022 ikalazimisha kila mtoa huduma za afya na malezi aliyesajiliwa England awafundishe wafanyakazi wake habari za usonji na ulemavu wa kujifunza (ndivyo wao wanavyouita ulemavu wa akili), kila mmoja kwa kiwango cha kazi yake. Mafunzo yenyewe yana jina la Oliver mpaka leo.

Haya, tuseme sikio limetibiwa au limekutwa zima na bado anajipigiza. Ndo mje kwenye saa sita. Nunua kaunta buku, chora safu nne: saa ngapi, nini kilitokea kabla, alifanya nini, nini kikafuata. Usiandike "alikuwa mkorofi", hiyo haitusaidii. Andika hivi: saa 5:50 mpishi anaburuza sufuria la ugali kwenye sakafu, kaziba masikio. Saa 5:55 foleni ya kunawa, kasukumwa na mwenzie. Saa 6:00 kichwa ukutani. Tukamtoa nje chini ya mwembe, katulia. Ukipata kurasa kama hizo za wiki moja hata mtoto wa darasa la nne atakwambia huyu atolewe nje kabla sufuria halijaguswa, anawe wa kwanza peke yake, na sufuria libebwe na watu wawili lisiburuzwe. Mafunzo mengi ya bei kali ukiyakamua yanatoka humo humo kwenye hilo daftari.

Kuhusu kung'atwa. Akikuuma usivute mkono, ukivuta ndo nyama inachanika. Usukume kidogo kuelekea ndani ya mdomo, taya litalegea lenyewe, halafu utoe taratibu bila kelele. Akikushika nywele ubane mkono wake hapo hapo kichwani usimvute. Kazini nywele zifungwe, hereni ndefu ziache nyumbani. Ngozi ikichanika osha kwa sabuni na maji yanayotiririka uende kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie pepopunda na homa ya ini, na hiyo gharama ni ya kituo, ulikuwa kazini.

Na mfundisheni njia ya kusema. Kuna mfumo wa kubadilishana picha, waliuanzisha Andy Bondy na Lori Frost kule Marekani mwaka 1985, mtoto anakupa picha ya maji na wewe unampa maji pale pale, sio baada ya kumaliza kufagia. Huna haja ya kununua kitu, kata boksi la sabuni, chora na maka pen. Mkianzia na kitu anachokipenda atashika haraka, baadae ongeza ya "inauma" na ya "nitoke nje".

Kwa hiyo swali lako, utazoea? Kung'atwa usikuzoee. Muombe mkuu wako wiki mbili za kufuatana na mlezi anayejua kazi, bila kuachwa peke yako na mtoto, na mwambie nimekwambia mimi.

Habari za kazi. Nasimamia kituo kidogo huku Mwanga, Kigoma, tuna walezi sita. Mfadhili ametoa hela ya mafunzo, kamati inataka tuwapeleke wote Dar semina ya siku mbili hotelini wapate vyeti. Mi roho inasita. – Msimamizi, Kigoma

Roho yako ina akili kuliko kamati. Reli kutoka Kigoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, kwenda siku kurudi siku, na muda wote huo watoto wanabaki na nani, mlinzi? Halafu semina za hotelini nazijua, mgeni rasmi anachelewa, projekta inagoma, chai, makundi, posho, picha ya pamoja, Jumatatu mlezi yuko mbele ya mtoto yule yule anayetupa sahani na yeye hajui afanye nini kwa sababu yule mwezeshaji hajawahi kumuona huyo mtoto.

Mlete mtu mmoja badala ya kuwapeleka sita. Kuna okupesheno therapisti, wataalamu wa kumsaidia mtu aweze shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, wanafundishwa hospitali ya KCMC Moshi, na kuna walimu wa elimu maalumu waliopita chuo cha Patandi kule Arusha, muulizeni afisa elimu wa halmashauri mwalimu wa namna hiyo yuko shule gani hapo mkoani, huenda yuko karibu kuliko mnavyodhani. Akija asianze kuhutubia. Akae siku ya kwanza anaangalia tu, kuanzia uji wa asubuhi mpaka watoto wanaondoka. Siku zinazofuata afanye yeye na walezi wanaangalia, halafu wafanye wao yeye akiwa amesimama pembeni, halafu aondoke arudi baada ya mwezi kuona kimebaki nini. Kile kurudi ndo kwenye thamani ya hela, na ndo kitu ambacho bajeti nyingi hazina. Shirika la Afya Duniani lina programu yake ya kuwafundisha wazazi na walezi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9 wenye matatizo ya ukuaji, ina vikao tisa vya kikundi na juu yake ziara tatu za nyumbani, na wanaoiendesha sio madaktari bingwa, ni watu wa kawaida waliofundishwa na wanaosimamiwa. Ethiopia wameifanya kwa lugha yao. Kama wao wameona vikao bila kumfuata mtu nyumbani kwake havitoshi, siku mbili za hotelini zitatosha vipi?

Kitu kingine, usifundishe walezi peke yao. Mpishi awemo. Huko kwenu lazima mnaye mtoto anayekula samaki mgebuka mkavu vizuri tu lakini ukimwagia mchuzi juu anasukuma sahani nzima chini, sasa mpishi asiyejua atasema anadeka, anayejua ataweka mchuzi kwenye bakuli lake na mchana wote unakuwa na amani. Na mlinzi ndo kabisa! Watoto wengi wenye usonji wanapenda kutoroka na wengi wanavutwa na maji, kuzama ni moja ya vitu vinavyowaua sana wanapopotea, na nyie mko kando ya Ziwa Tanganyika. Mlinzi awajue kwa sura na kwa jina, ajue nani anaweza kufungua komeo, na mtoto akikosekana watu wa kwanza wakimbilie ziwani na kwenye visima na mitaro, uvungu wa vitanda utafuatia.

Halafu mwalike mzazi aongee, na kama mna kijana mwenye usonji au ulemavu wa akili anayeweza kujieleza, hata kwa maneno machache au kwa picha, alipwe kama mwezeshaji. Kule England kwenye yale mafunzo ya Oliver niliyoyasema, wale wanaotoa huduma moja kwa moja wanakaa siku nzima ana kwa ana na wanaofundisha ni pamoja na watu wenye usonji na wenye ulemavu wa kujifunza wenyewe. Mlezi akisikia kijana anamwambia "ukinishika bega kwa nyuma naungua", hatasahau.

Vyeti chapisheni tu. Mtu ana haki ya cheti, kesho akiomba kazi kwingine kitamsaidia, mi sina ugomvi na vyeti.

Mama yangu shikamoo. Binti yangu ana miaka 17, ana ulemavu wa akili, yuko bweni. Likizo hii kanambia kaka mlezi ndo anawaogesha. Naogopa kwenda kuuliza wataniona msumbufu na nafasi yenyewe niliipata kwa shida. – Mama, Urambo

Marahaba. Nenda kawe msumbufu. Nenda mwenyewe usipige simu, na uulize hivi: nani anamwogesha binti yangu, wapi, mlango ukiwa vipi, na nani mwingine anakuwepo. Inawezekana hakuna baya lolote lililotokea na huyo kaka ni mtu mwema kabisa aliyepangiwa zamu vibaya, lakini utaratibu wa mwanaume kumwogesha binti ni mbovu hata kama yeye ni malaika, na unamuweka yeye mwenyewe pabaya pia. Wasichana wahudumiwe na wanawake, mlezi mwingine awe karibu anasikia, na kila aliyehudumia aandike jina na saa.

Hapa ndo walezi wengi hawajafundishwa kabisa, wanadhani kazi ni kuogesha. Kazi ni kumfundisha aoge. Miaka 17 anaweza kujifunza kushika kopo, kupaka sabuni mkono huu halafu huu, kuvaa pedi na kuibadilisha, ukimgawia hatua ndogo ndogo na picha zimebandikwa ukutani, itachukua miezi na atakosea na utarudia, lakini kila hatua anayojifunza inapunguza mkono wa mtu mwingine kwenye mwili wake. Mfundishe na wewe nyumbani majina ya viungo vyake vyote bila kuzunguka zunguka, na kwamba anaruhusiwa kusema hapana hata kwa mtu mkubwa.

Ukihisi kitu, au akikwambia kitu, usimhoji mara kumi na usimwogeshe, mpeleke hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku hiyo hiyo. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba "huyo ni mkubwa". Na shule ikikutishia nafasi kwa sababu umeuliza, basi hapo umeshajibiwa.

Nesi mmoja kazini kwetu anawaambia wazazi usonji unaletwa na chanjo ya surua. Ni kweli? – Msomaji, Nzega

Si kweli. Hayo yalianzia kwenye makala ya Andrew Wakefield kwenye jarida la Lancet mwaka 1998, watoto 12 tu, ikaja kuonekana imechezewa, jarida likaifuta mwaka 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Huyo nesi mfundisheni taratibu pembeni kabla surua haijamjibu, maana surua inaua kweli.

Anti, mwaka wa sita niko kwenye hii kazi. Tunalala hapo hapo kituoni, off hakuna, mwenzangu mmoja kaacha hajaletwa mwingine. Juzi mtoto ninayempenda kuliko wote alinimwagia uji wa moto nikamzaba kibao. Sijamwambia mtu. Usiku silali. Niache kazi? – Mlezi, Tabora

Pole sana mdogo wangu. Kibao lakini ni kibao, na mtoto hawezi kwenda kukisema, kwa hiyo ukiseme wewe. Mwambie mkuu wa kituo, iandikwe kwenye daftari la matukio na mzazi aambiwe. Najua ni ngumu na huenda utapewa barua ya onyo. Ila ukikimeza wewe na mwenzako akameza chake mwisho inakuwa ndo desturi ya nyumba. Mwaka 2011 BBC walirusha video za siri kutoka hospitali moja karibu na Bristol inaitwa Winterbourne View, wafanyakazi wanawatesa watu wenye usonji na ulemavu wa kujifunza mchana kweupe wenzao wanaangalia, 11 wakahukumiwa mwaka uliofuata na sita kati yao wakaenda jela. Mahali pakishafika hapo ujue makofi madogo mengi yalishapita pakawa kimya.

Halafu na kituo nacho kibebe chake. Mtu asiyelala, asiye na siku ya kupumzika, anayeziba pengo la aliyeacha, huyo hata umpe kozi ya mwaka mzima atakuja kupiga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki, upate mapumziko ya masaa 24 kila wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kuwapenda watoto hakufuti hizo siku. Nashangaa viongozi wa vituo wanaosema "hii ni kazi ya wito", na wao wito wao unalala nyumbani kila siku.

Mnaobaki kazini wekeni mambo mawili, hayana gharama. La kwanza mkubaliane maneno ya kupokezana, kwa mfano "nenda kaangalie maji". Ukimuona mwenzio sura imebadilika, sauti imepanda, unamwambia hayo, anatoka bila kubisha na bila kuulizwa, unashika wewe. Anayetolewa asionekane dhaifu, mkuu wa kituo naye atolewe siku yake ikifika. La pili, kila baada ya tukio kubwa mkae dakika kumi, umeumia? nini kilitangulia? kesho tunabadilisha nini? Asianze mtu kutafuta mchawi. Na mara moja kwa mwezi kila mlezi akae na msimamizi wake peke yao aongee yanayomsumbua, ya mshahara yakiwemo.

Uache kazi? Kwanza dai likizo, nenda kwenu ulale. Mtu mwenye usingizi wa miaka sita haamui kitu. Ukirudi ukute hawajaajiri mwingine na off bado hakuna, ondoka, na useme kwa maandishi kwa nini unaondoka.

Mi ni boda, kijiwe Kiloleni. Kuna mama ananilipa nimpeleke mtoto wake shule, ana miaka 9 ana usonji. Siku barabara imefungwa nikapita njia nyingine alitaka kuruka pikipiki inatembea. Naogopa lakini hela naihitaji. – Boda

Hongera kwa kuuliza, wengi wangembana kwa mikono wakaendelea. Watoto wengi wa hivyo njia wameikariri, duka hili halafu mti ule, ukipinda bila kumwambia kwake ni kama dunia imepinduka. Kabla hamjaondoka mwambie kwa maneno machache, leo tunapita sokoni halafu shule, maneno yale yale kila siku, na mama akuchoree njia mbili kwenye kadi umuonyeshe ya leo. Hakikisha unakuwa ni wewe huyo huyo kila siku usimtume mwenzio wa kijiweni. Honi na miziki punguza.

Lakini mtoto aliyeshajaribu kuruka hafai kukaa peke yake nyuma ya pikipiki, na mshikaki wa kumuweka kati na mama nyuma usifanye, trafiki watakushika na haki yao. Mwambie mama mtafute bajaji na mtu mzima akae pembeni yake upande wa mlango mpaka atulie na njia, miezi kadhaa huenda. Kama una rafiki wa bajaji ongea nae mgawane hiyo hela, wewe umfundishe zile kadi. Bora upate nusu.